Nyungunyungu wa Mboji, Nyungunyungu wa Samaki: Sanduku Moja, Kazi Mbili

Siku niliyomwambia mama mmoja jirani yangu hapa Gungu, Kigoma, kwamba nafuga minyoo, aliingia ndani mwake akatoka na kidonge cha albendazole, dawa ya minyoo ya tumboni, kiganjani. "Shika, mwanangu. Tafuna leo leo usiku, na mkeo nitamletea chake." Hakuwa na utani. Ilibidi nimwombe anifuate nyuma ya nyumba, chini ya mwembe, nikafunua gunia lililofunika kreti na kuchimbua kwa kidole. Nyungunyungu wekundu wakajinyonganyonga wakikimbilia gizani. Akacheka mpaka akashika kiuno. "Aa, kumbe nyungunyungu! Sasa si ungesema?"

Mama yule hakukosea. Neno "minyoo" kwetu limebebeshwa mizigo mingi mno. Mchango wa tumboni, ule unaomdhoofisha mtoto, ni mnyonyaji anayestawi ndani ya utumbo wa mtu. Nyungunyungu ni kiumbe mwingine kabisa: ana pingili mwili mzima, maisha yake ni kwenye uozo na udongo, na ukimmeza kwa bahati mbaya tumbo litamsaga kama linavyosaga dagaa. Wale funza wa nzi mweusi wanaofugwa siku hizi kwa ajili ya kuku si minyoo hata kidogo. Ni watoto wa nzi, na siku moja wataota mabawa waondoke. Hata ile "minyoo ya damu" inayouzwa ikiwa imegandishwa kwa wafuga samaki wa mapambo ni mabuu ya vijidudu vinavyofanana na mbu lakini haviumi. Wekundu wao unatokana na himoglobini, jamii ya ile iliyomo kwenye damu yetu.

Nimeanza na majina kwa sababu matatizo mengi ninayoletewa yanaanzia hapo. Kijana anakuja: "Kaka, nataka sanduku moja linipe mbolea ya mchicha na chakula cha samaki wangu." Namjibu kwamba inawezekana, ila vitu hivyo viwili vinavutana kamba. Hali inayotoa mboji nzuri siyo inayotoa nyungunyungu wengi walionona. Na samaki wa Ziwa Tanganyika, hao tunaojivunia nao na wanaosafirishwa mpaka Ulaya, Marekani na Japani kupamba sebule za watu, ni miongoni mwa samaki wanaotaka tahadhari kubwa kuliko wote ukiwalisha nyungunyungu.

Tuanze na nyungunyungu mwenyewe.

Watoto wanaovua kwa ndoano kwenye mawe ya Bangwe huchimba chambo pembeni ya mabafu na kwenye vijito. Nami ndivyo nilivyoanza. Mvua za kwanza za Novemba ziliponyesha nilichimba, nikajaza ndoo ya lita ishirini, nikatia maganda ya ndizi juu, nikasubiri. Baada ya wiki mbili maganda yalikuwa yameota ukungu mrefu kama ndevu, na chini yake hapakuwa na mtu. Wengine walikufa, wengine walitoroka. Sikujua kwamba nyungunyungu wana makao matatu tofauti. Wapo wanaokaa ndani ya udongo, weupe weupe na wazito kutembea, ambao hula udongo wenyewe na kuchuja kilichomo. Wapo wanaochimba mashimo marefu ya kwenda chini na kupanda juu usiku kuvuta majani. Na wapo wa juu kabisa, kwenye takataka zinazooza, ambao udongo mtupu hawaujali. Sanduku ni nyumba ya hao wa mwisho tu. Ukiwatia wale wa udongoni ni sawa na kumhamishia mvuvi wa Kibirizi katikati ya Tabora ukamwambia avue.

Ukitaka kuwapata hao wa juu bila kununua, usishike jembe. Nenda kwenye lundo la samadi lililokwisha kupoa, au pindua kigogo cha mgomba kilichooza. Utaona wembamba wenye rangi nyekundu au ya zambarau, wepesi wa kurukaruka ukiwagusa.

Aliyeenea duniani kwa kazi hii ni Eisenia fetida. Anapenda ubaridi wa nyuzi 15 hadi 25, na zikifika 35 anakufa. Kigoma yetu mchana hukaribia nyuzi 30 kwa miezi mingi, kwa hiyo ataishi kivulini lakini kwa kujikaza. Anayetufaa zaidi ni Eudrilus eugeniae, mwenyeji wa Afrika Magharibi: mrefu, mnene, mwenye mng'ao wa zambarau, na nyuzi 24 hadi 30 kwake ndiyo raha. Baridi ndiyo inayomuua. Mtu wa Njombe asimtamani. Kasoro yake ni uzururaji. Usiku wa mvua kubwa, hasa akiwa mgeni sandukuni, anaweza kupanda ukuta akatoka na ndugu zake wote, asubuhi ukawakuta wamekauka sakafuni kama tambi. Kinga niliyoiona ikifaa ni kuwawashia taa ndogo juu ya sanduku usiku tatu za mwanzo, maana mwanga hawauwezi.

Hana meno, hana macho, hana mapafu. Shika mambo hayo matatu na kanuni karibu zote za ufugaji zitajileta zenyewe. Kwa kuwa hana meno, hawezi kuuma ganda la embe. Anangoja bakteria na ukungu walilainishe, kisha anafyonza ule uji pamoja nao, na tumboni ana firigisi kama ya kuku inayohitaji mchanga ili isage. Ndiyo maana kiganja cha mchanga wa ziwani au maganda ya mayai yaliyotwangwa ni sehemu ya malisho. Kwa kuwa hana mapafu, anapumua kwa ngozi, na ngozi hiyo haipitishi hewa ikikauka. Ikizidiwa na maji yaliyotuama, oksijeni inakwisha na anatoroka. Kipimo changu ni mkono: kamata konzi ya malalo, yaani matandiko wanamoishi, minya. Yakidondoka matone mawili matatu, sawa. Yakichuruzika, ongeza maboksi yaliyochanwa au majani makavu ya migomba. Pasipodondoka kitu, nyunyiza.

Ngozi hiyo hiyo ndiyo iliyoniponza mwaka wangu wa pili. Kwetu mawese hayaishi, na kila anayekamua chikichi ana rundo la makapi asilojua apeleke wapi. Nikaomba gunia moja, nikalimwaga lote sandukuni, nikijisifu moyoni kwamba nimepata malisho ya bure. Siku ya pili nilipoingiza mkono, palikuwa na moto kama chai. Yale makapi bado yalikuwa na mafuta: yakawapaka ngozi, na uchachukaji ukapandisha joto kutoka katikati. Walionusurika walikuwa wamejibana pembeni kwenye kona moja, donge la ukubwa wa ngumi. Makapi ya mawese yanafaa, ila yakae nje yamwagiwe maji na kuoza wiki kadhaa kwanza, ndipo uyape kidogo kidogo. Samadi mbichi nayo ni hivyo hivyo. Chumvi, majivu mengi, ndimu na pilipili viache nje kabisa, pamoja na maji uliyooshea samaki wa chumvi.

Lipo jingine watu hawalifikirii. Ng'ombe au mbuzi akitoka kupewa dawa ya minyoo, sehemu ya dawa hutoka na kinyesi, nayo haina macho ya kujua huyu ni mchango na huyu ni nyungunyungu. Muulize mwenye zizi kabla ya kuchukua samadi. (Nilipomweleza jirani yangu hili alisema, "Basi bora ningekupa kile kidonge ukatumbukize.")

Sasa ile kamba inayovutwa.

Ukitaka mboji, unawaacha nyungunyungu wabanane, unawalisha, kisha unasitisha malisho na kusubiri mpaka kila kitu kigeuke kuwa cheusi, chepesi, chenye harufu ya msitu baada ya mvua. Inachukua miezi mitatu, minne. Katika wiki za mwisho chakula hakipo tena, wanaishi juu ya kinyesi chao wenyewe, na kinyesi kikizidi kinawadhuru. Wanakonda, wanaacha kutaga, wadogo ndio wanaobaki. Mboji iko tayari na mifugo yako imechakaa.

Ukitaka chakula cha samaki, unafanya kinyume. Sanduku pana na la kina kifupi, nafasi ya kutosha, malisho mapya kila siku mbili tatu, na wakubwa unawavuna mara kwa mara ili wadogo wapate upenyo. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja, lakini kwa kawaida wawili hukutana. Kisha kila mmoja anakwenda kutaga. Ukimkata katikati hupati wawili, kama tulivyodanganyana shuleni. Mara nyingi unapata maiti, na ukibahatika upande wenye kichwa unapona. Kifuko cha mayai ni kidogo kama punje ya ulezi, rangi ya limau, na cha Eisenia hutoa vitoto viwili hadi vinne baada ya wiki tatu hivi. Ndani ya miezi miwili vinakuwa watu wazima. Lakini sanduku la namna hii mboji yake haiivi kamwe: ukiichota unakuta vipande vya maganda na vifuko vya mayai, yaani unawatupa shambani watoto wako mwenyewe.

Kwa hiyo nina makreti mawili. La kwanza ni la samaki, nalisha kama mgonjwa. Likishajaa nusu, namimina malalo yake yote kwenye la pili, ambalo kazi yake ni kuiva tu. Hii ndiyo njia pekee niliyoiona ikimaliza ugomvi.

Kuhusu mboji yenyewe sitasema mengi, kwa kuwa sifa zake zinatiwa chumvi sana mitandaoni. Naitrojeni yake mara nyingi ni asilimia 1 hadi 2, wakati urea ina 46. Anayekuambia itachukua nafasi ya urea kilo kwa kilo anakuuzia. Nguvu yake iko kwenye kulainisha udongo, kushika maji na kuleta vijidudu vyema, na hufanya kazi vizuri ikiwa sehemu moja au mbili tu kati ya kumi za udongo wa kitalu. Ukizidisha, miche haikuongezei kitu. Tena haipati joto kama lundo la kawaida la mboji, linaloweza kupita nyuzi 55, kwa hiyo mbegu hazifi humo. Mwaka jana mchicha wangu uliota pamoja na nyanya na mapapai ambayo sikuyapanda. Mimea iliyokufa kwa mnyauko usiiingize.

Tukija kwa samaki, mambo yanakuwa mazito, na hapa naomba tutulie.

Nyungunyungu mbichi ni maji kwa kiasi cha asilimia 80 hivi. Ukimkausha, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni protini. Kwa perege wa bwawani au kambale, mtupie tu, atakushukuru. Kwa tangi la kioo lenye samaki wa Tanganyika kuna maswali mawili ya kujibu kabla ya kufungua mkono: huyu samaki anakula nini kwao, na maji yake yakoje?

Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na ndani yake kuna aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, karibu wote wasiopatikana kwingine. Wamegawana riziki kwa namna ya ajabu. Wapo wanaovizia wenzao, wapo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono wakidaka vidudu vinavyopita, na yupo Perissodus microlepis anayekula magamba ya samaki wengine, mdomo wake ukiwa umepinda kulia au kushoto kutegemea upande anaoupenda kushambulia. Kisha kuna Tropheus, wale warembo wa kwenye mawe ambao wanunuzi wa nje wanawapigania. Tropheus ni mbuzi. Kutwa anakwangua ule utando wa kijani kwenye jiwe, na utumbo wake ni mrefu mara kadhaa kuliko mwili wake, umetengenezwa kwa chakula cha mimea chenye nyuzinyuzi. Mpe nyungunyungu walionona wiki nzima, tumbo litavimba, atajitenga kona ya juu ya tangi akihema, kinyesi kitakuwa cheupe kama uzi, na baada ya siku chache utamwokota akielea. Niliwapoteza sita hivyo, na aliyeniuzia aliponiuliza nilikuwa nawapa nini, nilijibu kwa fahari: "Protini tupu!" Aliguna tu.

Wa makombe, wale wadogo kama Neolamprologus multifasciatus, na wakubwa wala nyama kama Cyphotilapia, hao nyungunyungu wanawafaa. Tofauti ni saizi ya kipande.

Swali la maji ndilo linalowapita hata wazoefu. Maji ya Tanganyika yana pH (kipimo cha tindikali na alikali) inayokaribia 9, na tangi zuri la samaki hawa huigiza hivyo. Kipande cha nyungunyungu kikibaki chini ya jiwe kinaoza na kutoa amonia. Amonia ndani ya maji ina sura mbili: moja mpole, ambayo samaki anaivumilia, na nyingine kali, inayopenya mashavu yake na kumuua. Kinachoamua ipi izidi ni pH. Kwenye maji ya pH 7, nyuzi 25, chini ya asilimia 1 ya amonia yote huwa ile kali. Kwenye pH 9, joto lile lile, inazidi theluthi moja. Kwa hiyo mtu wa Ujerumani mwenye tangi la samaki wa Amazoni akisahau kipande kimoja hadhuriki, wewe wa hapa Kigoma ukisahau kipande kile kile unaweza kuamkia msiba. Ushauri unaopewa na wafugaji wa nchi nyingine ni wa kweli kwa maji yao. Lako pima mwenyewe.

Ndiyo sababu ninavyowaandaa ni kama ninavyomwandalia mgeni. Usiku wa jana yake nawatoa nyungunyungu kumi kumi na tano, nawaweka kwenye karatasi iliyolowa ndani ya kopo lenye matundu, walale njaa ili utumbo utoke uchafu. Asubuhi nawasuuza mara mbili. Juu ya kibao nawakata kwa wembe, vipande vya saizi ya jicho la samaki anayekula, nasuuza tena mpaka maji yawe meupe. Halafu natia kidogo, naangalia. Kisichokwisha ndani ya dakika mbili nakitoa kwa mrija. Mara mbili kwa wiki, basi.

Ukiona samaki anadaka kisha anatema, pengine una Eisenia. Akisumbuliwa hutoa ute wa manjano wenye harufu mbaya, na ndilo jina lake: fetida kwa Kilatini ni mwenye kunuka. Ute huo una kemikali ya kujilinda inayotoboa chembe hai za wanyama wenye uti wa mgongo. Kumkata na kumsuuza kunapunguza, hakumalizi, kwa hiyo yeye sifanyi chakula cha kila siku. Eudrilus sijawahi kuona akitemwa. Na wale vinyoo vyekundu vinavyochezacheza kwenye tope la mitaro ya maji machafu, tubifeksi, achana navyo hata kama ni bure: vimekulia kwenye kinyesi cha mji na vinaweza kukuletea ugonjwa tangini.

Vifaranga vya samaki vina habari yao. Hata kipande kidogo cha nyungunyungu kwao ni gogo. Hapo unahitaji minyoo wa uji, Panagrellus, wenye urefu wa milimita moja hadi mbili, na hawa ni rahisi kuliko wote. Omba kijiko cha mbegu, yaani minyoo hai wa kuanzia, kwa mfugaji mwenzako. Pika uji mzito wa sembe au wa shayiri, bila chumvi wala sukari, uache upoe, utandaze kwenye kopo la siagi kina cha kidole kimoja, nyunyiza hamira kidogo, weka mbegu katikati, funika kwa kitambaa. Baada ya siku nne au tano, inamisha kopo dirishani: uso wa uji unameremeta na kutetemeka kama maji yanayotaka kuchemka, na kuta za kopo zimepakwa ukungu mweupe unaopanda. Ukungu huo ndio wao. Unapitisha kidole ukutani, unakichovya tangini, vifaranga vinakuja. Kopo hudumu wiki tatu hivi kabla ya kunuka uchachu usiovumilika, kwa hiyo anzisha jingine kabla la kwanza halijafa, na usimwambie mtu wa jikoni ulitumia sufuria gani.

Adui wa kreti zote mbili ni siafu. Nimesimamisha miguu ya meza kwenye makopo yenye maji na tone la oili chafu, na kila Jumamosi nahakikisha hakuna jani lililoanguka likawa daraja. Kuku wa jirani ni adui wa pili, nao hawana daraja, wanaruka.

Siku ya kuvuna ninamimina kreti la samaki kwenye turubai juani, natengeneza vichuguu vidogo. Nyungunyungu wanakimbia mwanga kwenda chini, nami nakwangua juu kwa kiganja, nasubiri dakika tano, nakwangua tena, mpaka kila kichuguu kibaki donge la viumbe waliofungamana. Nusu ya donge inarudi kwenye malalo mapya. Robo nampa jirani yangu, mama wa vidonge, ambaye sasa ana kreti lake na anawaita "mifugo." Inayobaki inalala kwenye karatasi, na asubuhi tangi la makombe linakula. Tangi la Tropheus siku hiyo linapata mchicha uliochovywa kwenye maji ya moto.